Kuku walikufa kwa ini, mama akafa kwa ini, sasa ni mdogo wangu

Shangazi, asalaam aleikum na shikamoo.

Naandika usiku, watoto wamelala, na barua hii nimeshaifuta mara tatu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nakaa Kisauni, Mombasa, nina binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 7. Mama yetu alitutoka mwaka juzi. Alianza kwa kukosa hamu ya chakula, kisha macho yakawa manjano, kisha tumbo likajaa maji ilhali mikono na miguu imebaki mifupa. Haikufika miezi minne. Watu walisema ni kijicho. Tukamsomea, tukamnywesha kombe, na mwisho hospitali wakampiga picha wakasema ini lina vinundu, ni saratani, tumechelewa. Kwenye karatasi zake mtu aliandika pia kwamba alikuwa na homa ya ini, ile ya B. Hakuna aliyetueleza maana yake na sisi hatukuuliza. Mama mkubwa akaamuru vyombo vyake vitengwe. Alikuwa na sahani yake ya bati yenye maua ya buluu na kikombe chake, akila peke yake uani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea.

Mama alituachia kuku, na mimi nikaendelea nao. Mayai nawauzia majirani, kuku nawapeleka soko la Kongowea. Miezi michache nyuma nilinunua vifaranga kwa mtu. Walipokua kidogo wakaanza kuburura miguu, mmoja mbele, mwingine nyuma, kama wanaotaka kupasuka. Wakafa mmoja mmoja. Nikamchinja mmoja aliyekuwa hoi ili nione. Shangazi, ini lilikuwa kubwa mara mbili, limejaa vinundu vyeupe. Nilikaa chini pale pale. Mama alipenda maini ya kuku kuliko nyama yenyewe, kila tukichinja yake yalikuwa yale. Na mahindi tulikuwa tukichambua, mazuri tunasaga ya ugali, yenye ukungu tunawatupia kuku.

Sasa mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 28, anafanya kazi bandarini. Mwezi uliopita walijitolea damu kazini, baadaye akapigiwa simu arudi, akaambiwa ana homa ya ini aina ya B. Ameniambia mimi peke yangu, na ameniapisha kwa roho ya mama. Nikahi yake imebaki miezi mitatu. Binti anayemuoa ni mtoto wa shoga yangu, tumekua pamoja, tumesoma chuo kimoja cha Kurani. Juzi shoga yangu alikuja kuonyesha leso za harusi, akaniuliza kwa mzaha, "Huyo kaka yetu hana tatizo mlilotuficha? Sema sasa, sisi ni kitu kimoja." Nikacheka. Nikasema hana.

Tangu siku hiyo silali. Nikisema, nimemvunjia mdogo wangu harusi na nimevunja kiapo. Nikinyamaza, yule binti ataambukizwa saratani huku mimi nikipiga vigelegele. Na kama ni kuku wangu waliomuua mama na sasa wanammaliza mdogo wangu, niwachinje wote? Mayai niliyowauzia watu je?

Dada Mkubwa, Kisauni

Waalaikum salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na daktari wa mifugo upande huu na muuguzi wa kliniki ya ini upande ule, kwa sababu umeniuliza mambo ambayo shangazi hawezi kuyajibu kwa busara za barazani tu. Nikikuelewa vyema, umebeba mizigo mitatu na umeifunga kamba moja: kuku, mama, na mdogo wako. Umeona ini lenye vinundu mara mbili na moyo wako ukaunganisha. Tufungue hiyo kamba kwanza, maana nadhani ndiyo inayokukaba.

Nianze na kuku, na usinione nawatanguliza kuku mbele ya mama. Hukuota ulipohisi kwamba saratani inaweza kuletwa na kirusi. Wataalamu wakubwa walikataa jambo hilo kwa miaka mingi, na aliyewafumbua macho alikuwa kuku. Mwaka 1911, huko New York, Peyton Rous alichukua uvimbe wa kuku, akausaga, akauchuja mpaka hapakubaki seli nzima wala bakteria, kisha ule mchujo akamdunga kuku mwingine. Naye akaota uvimbe. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1966, akiwa na miaka 87. Baadaye, mwaka 1976, ikagunduliwa kwamba ile jeni, yaani kipande cha maandishi ya urithi, ambayo kirusi hicho kilitumia kuwasha uvimbe kilikuwa kimeiiba kwa kuku mwenyewe. Mwizi aliingia na ufunguo wa mwenye nyumba.

Kuku wako, kwa jinsi ulivyoeleza ile miguu, daktari wa mifugo alitaja jina mara moja: ugonjwa wa Marek. Unaletwa na kirusi kinachosafiri kwenye vumbi la manyoya, kinavamia neva, yaani mishipa ya fahamu, na ndiyo sababu ya mguu mmoja mbele mmoja nyuma, kisha kinaotesha uvimbe kwenye ini, bandama na kwingineko. Upo ugonjwa mwingine wa kirusi unaokuza ini la kuku namna hiyo, kwa hiyo kabla ya kusema lolote kwa uhakika angetaka kumpasua mmoja mwenyewe. Chanjo ya Marek ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa chanjo ya kwanza duniani kuzuia saratani kwa kiumbe chochote, na muda mfupi baadaye ikatengenezwa nyingine kwa kirusi cha bata mzinga. Kifaranga huchanjwa siku ya kwanza tu anapoanguliwa. Huyo aliyekuuzia, muulize kama alichanja. Nina wasiwasi na jibu lake.

Lakini kirusi hicho ni cha kuku. Hakijaonekana kumpa binadamu saratani, si kwa nyama, si kwa mayai, si kwa kushika. Virusi vingi vya aina hii vina mlango mmoja tu vinavyoujua. Hata hawa paka wa Mji wa Kale tunaowapita kila siku wana kirusi chao cha saratani ya damu, wanaambukizana kwa mate, nasi tunakaa nao bila kudhurika. Kirusi cha homa ya ini B cha binadamu nacho kina ndugu zake kwa wanyama: bata wana wao, na mwaka 1978 alielezwa mwingine kwa mnyama mmoja mchimba mashimo wa Marekani, ambaye alikuwa akifa kwa saratani ya ini kwenye bustani ya wanyama ya Philadelphia. Ni ndugu, ila kila mmoja na nyumba yake. Kwa hiyo maini aliyokula mama yako kwa miaka yote ile hayakumpa kirusi. Uliyakaanga, akayafurahia, basi.

Kilichompata mama kina jina, na liliandikwa kwenye karatasi mkalikuta mkalipita. Simlaumu yeyote kati yenu, ingawa aliyeliandika bila kuwakalisha chini na kuwaeleza alikuwa na deni kwenu. Homa ya ini B ni miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya ini duniani. Kule Taiwan walifuatiliwa wanaume 22,707, na matokeo yakachapishwa mwaka 1981: waliopata saratani ya ini walikuwa 41, na 40 kati yao walikuwa tayari wana kirusi hicho mwilini.

Kinafanyaje? Muuguzi alinieleza hivi. Ini likishambuliwa, mwili unaua seli zilizoingiliwa na kuotesha nyingine mahali pake. Kesho tena, mwaka ujao tena, miaka thelathini. Kila seli mpya inanakili maandishi ya ile iliyotangulia, yale yanayosema gawanyika sasa, tulia sasa. Mtu anayenakili barua ile ile usiku kucha mwisho atakosea neno. Na kirusi chenyewe kina tabia ya kuchomeka vipande vyake katikati ya hayo maandishi. Siku moja panapatikana seli isiyojua tena kutulia.

Hapo ndipo ninapotaka kukusimamisha kidogo. Umeandika kwamba binti wa watu "ataambukizwa saratani". Mwanangu, mdogo wako hana saratani kwa lolote ulilonieleza. Ana kirusi, na hata hilo linataka kuthibitishwa, kwa kuwa kipimo cha kwanza cha damu ya kujitolea hurudiwa, na mtu huhesabiwa kuwa anaishi nacho moja kwa moja kikionekana zaidi ya miezi sita. Kati ya kirusi na saratani kuna miaka mingi, na wengi wenye kirusi hawaifikii kamwe. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1964 kilipatikana kirusi ndani ya uvimbe huo, na baadaye ikadhihirika kwamba karibu kila mtu mzima duniani anacho. Watoto waliougua walikuwa wa maeneo yenye malaria kali. Kirusi peke yake mara nyingi hakitoshi, huhitaji msaidizi.

Kwa ini, mmoja wa wasaidizi ni yale mahindi yenu. Ule ukungu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo yenyewe hukosesha maandishi ya seli za ini, na ikimkuta mwenye homa ya ini B hatari inazidi sana. Kuchambua hakutoshi, kwa sababu sumu huwa imeshasambaa hata kwenye punje zinazopendeza macho. Na kuku nao inawadhuru. Gunia likishika ukungu litupwe, najua bei ya gunia lakini litupwe.

Sasa mama na mdogo wako. Homa ya ini B hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, kwa wembe na sindano za kushirikiana, na mara nyingi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtoto mchanga akiipata, karibu tisa kati ya kumi hubaki nayo. Mtu mzima akiipata, si zaidi ya watano kati ya mia watakaobaki nayo, wengine mwili huishinda wenyewe. Ndiyo maana mwanamume wa miaka 28 anayekutwa nayo bila dalili yoyote, na mama yake alikuwa nayo, huenda anayo tangu siku aliyozaliwa. Nakueleza hili kwa sababu najua kitakachosemwa uswahilini: kaipata wapi huyu, kwa wanawake gani wa bandarini? Na sitaki ulitoe jicho kwake ulihamishie kwa marehemu. Naye huenda aliipata akiwa mchanga mikononi mwa mama yake, wakati hakuna aliyekuwa na kipimo.

Haipiti kwa sahani. Haipiti kwa kikombe, kwa kukumbatiana, kwa kukohoa, wala kwa kula sinia moja. Najua sentensi hii imekuumiza, na ningeweza kuiruka. Nimeiandika kwa sababu mdogo wako bado yu hai, na siku habari itakapotoka kuna mtu atatafuta sahani ya kumtengea. Wewe ulimpelekea mama chakula kila siku. Yeye alimwona nani akija uani?

Nije kwenye kiapo. Unaiona njia kama yenye pande mbili, kusema au kunyamaza. Mimi naona zaidi ya hapo, na kila upande una mwiba wake.

Ukimwendea shoga yako leo, utakuwa umemlinda binti yake, lakini mdogo wako atajifunza kwamba ugonjwa wake si wake. Huenda asirudi hata kliniki. Na habari ikitoka kwako badala ya kwake itafika kama kashfa, hata uiseme kwa upole namna gani. Ukinyamaza hadi nikahi ipite, binti anaingia ndoani bila kinga ambayo ingepatikana kwa sindano tatu, na siku atakapopimwa akiwa na mimba, atauliza nani alijua. Hilo swali litakufikia wewe kabla ya mumewe, kwa ile siku ya leso.

Katikati kuna kumrudia mdogo wako. Kumbuka hali aliyokuapisha: alikuwa ametoka kuambiwa kwa simu, na alichokijua ni jinsi mama alivyokufa. Alidhani anakupa siri ya kifo chake. Je, angekuapisha vile vile kama angejua kwamba mchumba wake akipimwa na kuchanjwa anaweza kuishi naye na kulala naye bila kuambukizwa? Dozi ni tatu kwa miezi sita, mbili za mwanzo zinapishana mwezi mmoja, na mpaka kinga ithibitishwe kondomu ipo. Kwamba watoto wao wanaweza kuchanjwa ndani ya saa 24 za kuzaliwa? Hilo liulizwe mapema hospitalini, lisisubiri uchungu uanze. Kwamba yeye mwenyewe, vipimo vikionyesha haja, atapewa kidonge kimoja kwa siku, na ini lake litaangaliwa kwa picha kila baada ya miezi sita ili kinundu kikitokea kionekane kingali kidogo? Mama hakupata hata kimoja cha hivi.

Anaweza kukataa. Wanaume wetu huogopa zaidi kuonekana wagonjwa kuliko kuwa wagonjwa. Anaogopa pia jambo ambalo muuguzi aliniambia hulisikia kila wiki: tenofovia, dawa ya homa ya ini B, imo pia kwenye dawa za Ukimwi, na jirani akiiona kabatini kesi imekwisha. Uwe na jibu la hilo. Unaweza kwenda naye kliniki siku moja, aelezwe na mtu asiye dada yake. Kuna ndugu wanaompa mwenzao muda, wanasema, nitakaa kimya hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo sitaweza kumdanganya rafiki yangu tena. Hiyo ni njia ya haki, ila ina ukali, na ukiitaja lazima uwe tayari kuitimiza. Wengine humtumia imamu atakayefungisha nikahi, kwa kuwa kuficha ugonjwa kabla ya ndoa ni jambo ambalo mashekhe wana maneno nalo, na pengine mdogo wako atalisikia kwake kuliko kwako. Na wapo wachumba wanaopendekeza wote wawili wakapimwe kabla ya harusi, kila mtu aseme chake. Hii ni laini, mradi asiitumie kujifanya na yeye ndiyo kwanza anasikia.

Huenda posa ikavunjika. Sitakudanganya. Huenda pia binti ana moyo mpana kuliko mnavyomdhania, maana kwa hesabu yangu hakuna aliyemuuliza.

Kuna mtu mmoja hukumtaja. Barua yako ina ini la kuku, ini la mama, ini la mdogo wako. Wewe na mdogo wako mmezaliwa na mama mmoja, na nyote mmezaliwa kabla chanjo hii haijaingia kwenye chanjo za watoto Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Umepima? Nimesoma barua mara ya tatu nikitafuta, sikuona. Wanao walichanjwa kliniki wakiwa wa wiki sita, kumi na kumi na nne, na hiyo ni kinga kubwa, lakini ikionekana unayo itabidi nao wapimwe, kwa sababu siku ya kuzaliwa ilitangulia sindano. Ni damu kidogo tu. Nashangaa kama si rahisi kwako kulinda siri ya mdogo wako kuliko kuisikia yako. Na pengine, sijui, mazungumzo naye yangeanza vizuri zaidi kama ungemwambia: nisindikize, na mimi naenda kupima.

Huyo binti wa miaka 12, ukiwa huko, uliza pia kama ameshapata chanjo ya HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi. Ilizinduliwa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019, na bado wapo akina mama mtaani wanaoikimbia.

Kuku wasichinjwe wote kwa hasira. Wanaoburura miguu watenge, waliokufa wazike au wachome, banda lifagiliwe lile vumbi la manyoya na lipumzike kabla hujaleta wengine, na safari hii wawe waliochanjwa. Ini lenye vinundu usilipeleke jikoni, si kwa sababu ya saratani, ni nyama ya kuku mgonjwa tu. Mayai ya walio wazima uzeni na mle. Ile sahani ya maua ya buluu hukuniambia iko wapi, lakini nina hakika hamkuitupa.

Shangazi